Cheza naye hapo hapo jikoni: mazungumzo na akina mama Mbagala

Haya jamani, asalaam aleykum, Bwana asifiwe, wote mmefika salama? Wenye watoto mgongoni msikae kule nyuma juani, songeni huku chini ya turubai, na mtoto akilia usitoke nje, mwache alie, hii mada ni yake.

Mwenyekiti kaniomba niongelee michezo ya kucheza na watoto wadogo, kuanzia wa mgongoni mpaka wanaokaribia chekechea. Nimewauliza wawili watatu hapo mlangoni, we huwa unacheza nini na mwanao? Wakacheka. Mmoja kaniambia dada, nitacheza saa ngapi, nikitoka gengeni nimechoka, nguo zinanisubiri, baba yake anataka chakula. Namuunga mkono kabisa. Ndo maana leo simwambii mtu atenge muda, huo muda haupo na wote tunajua. Ninachosema mimi ni mcheze ndani ya kazi mnayoifanya tayari, na uchague mchezo ambao na wewe mwenyewe unakuchekesha, maana mama akicheza huku amenuna mtoto anajua tu, hata wa miezi mitano anajua.

Tuanze na wachanga. Watu wanasema huyu bado haelewi kitu. Mtoto akizaliwa anaona vizuri kitu kilicho karibu, sentimita 20 mpaka 30 hivi, kikienda mbali zaidi anaona ukungu. Sasa ukiwa unanyonyesha, hebu pima kutoka macho yake mpaka uso wako. Ni hapo hapo! Yani kitu anachokiona vizuri kuliko vyote duniani ni sura yako, alafu we mwenyewe uko WhatsApp. Na sauti yako aliizoea toka tumboni, kwa hiyo mwongeleshe, mwambie umenunua dagaa bei gani, mwimbie hata kama huna sauti, yeye hana kinyongo. Akifika miezi miwili mitatu anaanza "aguu". Mjibu "aguu" alafu nyamaza umsubiri. Hapo kwenye kusubiri ndo wengi tunashindwa, tunaongea mfululizo kama mtangazaji wa mpira, kumbe mtoto anatafuta nafasi na yeye aseme. Ile programu ya serikali ya malezi iliyozinduliwa Desemba 2021, PJT-MMMAM, lile jina refu ambalo manesi wanalitaja kliniki, kuna sehemu inaitwa malezi yenye mwitikio. Mwitikio wenyewe ndo huo, aguu kwa aguu.

Alafu kuna kumlaza kifudifudi. Mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2019 unasema mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa alale kifudifudi akiwa macho angalau dakika 30 kwa siku, unazigawa gawa, si zote kwa mkupuo. Shingo inakaza, mabega yanapata nguvu. Wengi wanalia wakiwekwa hivo, kwa hiyo na wewe lala kwenye mkeka mtazamane uso kwa uso, au lala chali umuweke kifuani kwako, mgongo wako na wenyewe unapumzika. Ila awe macho na wewe uwepo, akisinzia mgeuze, usingizi ni chali.

Sasa mchezo ninaoupenda kuliko yote, kanga. Hiyo hiyo uliyojifunga. Mtoto wa miezi minne ukijifunika uso anashangaa tu, kwake mama ameondoka basi. Lakini akikaribia miezi minane hivi anaanza kujua kwamba kitu kikifichwa bado kipo, na hapo sasa utaona raha. Jifunike, kaa kimya kidogo. Mkono unakuja. Mwanzoni anakamata kwa kiganja kizima, anavuta kanga pamoja na nywele zako, vumilia. We ukitokea, "ehee!", anacheka. Rudia, rudia tena, alafu angalia vizuri kicheko kinatoka wakati gani. Siku za kwanza anacheka akishakuona, baadae anaanza kucheka kanga ikiwa bado iko usoni, miguu inarusha rusha, maana anajua nini kinakuja. Huyo anafikiri mwenzenu! Ukichoka kujificha we, ficha kijiko chini ya kanga atafute, au tokea upande ambao hakutegemea. Mtoto mwenyewe usimfunike uso ukamwacha, hilo hapana.

Mwenye miezi kumi ana mchezo wake, kuangusha. Anaangusha kijiko, unaokota, anaangusha, unaokota, unaanza kusema huyu ananifanyia makusudi. Ni kweli makusudi, anataka kuona kama kitaanguka tena na kama mama atakiokota tena. Mpe sufuria kuu kuu na mwiko apige. Najua wengi tumepanga, nyumba ina vyumba nane na majirani wana masikio, kwa hiyo sufuria iwe mchana, jioni mpe mabakuli ya plastiki.

Jikoni sasa, kwa wa mwaka na nusu kwenda juu. Sisi tumezoea kumfukuza jikoni, na kwenye moto ni sawa kabisa, jiko la mkaa halina utani. Mimi naongelea ile saa ya kuandaa, umekaa na kibao chako unachambua mchele, jiko halijawashwa bado. Mpe na yeye ungo mdogo au sinia. Weka viazi, vitunguu vikubwa, limao. Mwambie tafuta kikubwa, leta kidogo, vya mviringo weka huku. Mpe sufuria tatu na mifuniko yake atafute upi ni wa ipi, utamaliza kuchambua mchele wote yeye bado anajaribisha. Siku ya chapati mkatie donge la unga awe na chapati yake, itakuwa nyeusi kama udongo lakini ataila kwa kiburi. Huku mnaongea, hii nyekundu, hii inanuka, hii imeoza tupa. Maneno mengi mtoto anayaokota hapo, hata chati ya kubandika ukutani hujanunua.

Nisisitize hapa, maharage, karanga, mahindi, vizibo, sarafu, betri za rimoti, mtoto wa chini ya miaka mitatu asichezee. Vinaingia mdomoni, vinaingia puani. Na maji vile vile. Kucheza kwenye beseni wakati wa kuoga ni raha sana, mpe kikombe amimine, mpe chupa iliyotobolewa matundu, lakini usimwache hata kidogo, na ukimaliza mwaga. Mtoto mdogo akitumbukiza kichwa kwenye ndoo hawezi kujitoa, hata kama ndoo haijajaa.

Kile kigari cha plastiki anachokalishwa ili "awahi kutembea", mimi sikipendi na sifichi. Hakimfundishi kutembea, na kinakimbia mpaka kwenye ngazi au kwenye jiko. Canada walipiga marufuku kuviuza toka mwaka 2004. Hela hiyo nunua mkeka mpana, atambae, asimame kwa kushika stuli.

Simu nitasema kidogo tu maana mmeshasemwa sana. WHO wanasema chini ya mwaka mmoja asiangalie skrini kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndo vizuri. Simu hiyo hiyo ina tochi lakini. Umeme ukikatika, washa tochi, weka mkono mbele yake, ukutani atokee ndege, atokee mbwa. Mwenye miaka mitatu mtolee hadithi, we useme "paukwa" yeye ajibu "pakawa", na hadithi haihitaji kuwa ya kitabuni, sungura anaweza kupanda daladala ya Rangi Tatu, akaibiwa karoti, mwenyewe mtoto atakwambia aliyeiba nani.

Wikiendi ukipata nafasi, mpandishe pantoni mwende Kigamboni, nauli yake haiumizi, mtoto wa miaka mitatu kuona magari yanaingia ndani ya meli ataiongelea siku nzima. Au Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama, anaingia kwenye nyumba za asili za makabila, anainama mlangoni, anatoka, anaingia tena. Na baba aende pia. Akina baba wanapenda kumrusha mtoto juu, sawa kwa mkubwa, lakini kichanga asirushwe wala asitikiswe, shingo haijakaza na ubongo unaumia.

Kuna mama kule kanyoosha mkono... Anasema wa kwake ana miaka minne, hataki kucheza na mama, anakimbilia wenzake uwanjani kucheza kombolela. Mwache dada, hongera! We kaa barazani, uwe yule anayemkimbilia kushitaki na kunywa maji. Ukitaka kuingia subiri wakualike, na wakikupa kazi ya kutafuta watu tafuta kweli, usidanganye, wanakasirika.

Haya, kabla chai haijaja tutengeneze kayamba. Hapo kwenye kapu kuna chupa tupu za maji, zile ndogo, zimeoshwa na zimekauka. Weka mchele vijiko viwili, usijaze, ukijaza hailii. Paka gundi kwenye nyuzi za mdomo wa chupa ndo ukaze kizibo, alafu zungushia utepe wa gundi juu yake, mtoto asije akafungua. Iache ikauke mpaka kesho ndo umpe, na kila siku ukague kizibo, kikilegea tupa utengeneze nyingine. Mikasi ipo miwili tu, kwa hiyo tupokezane, na wenye watoto wanaotambaa kaeni upande huu wa mkeka, mbali na mikasi.