Rudi Nyuma Hatua Mbili

Leo ni kujikinga na mionzi kwa ninyi mnaofanya kazi hospitalini. Nianze na yule dada wa usafi. Mlioshawahi kunisikia, nivumilieni. Hospitali siitaji. Alikuwa haingii chumba cha eksirei bila kuuliza, "Mionzi imeshaisha?" Akipiga deki, jicho haliondoki kwenye mashine, utadhani ni mbwa mkali. Walimcheka. Aliyemcheka kuliko wote ni daktari mmoja ambaye nilimkuta kamwinamia mgonjwa, mguu kwenye pedali, mionzi inatoka, na aproni yake ya risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, imetundikwa nyuma ya mlango.

Wa kuchekwa ni nani hapo? Eksirei si moshi, haigandi ukutani. Ndani ya tyubu ya mashine elektroni, chembe ndogo za umeme, zinagonga metali ya tangsteni. Karibu asilimia 99 ya nishati inaishia kuwa joto, kinachobaki ndiyo eksirei. Ukiachia kitufe, hakuna kitu. Dada yule aliogopa taa iliyozimwa.

Sasa ikiwashwa, mionzi inayompata mfanyakazi inatoka wapi hasa? Kila mwaka nauliza, kila mwaka mnaniambia "kwenye mashine". Inatoka kwa mgonjwa jamani! Eksirei inamwingia, nyingine inatawanyika kila upande, nawe umemsimamia ubavuni. Kama uko nusu mita, sogea hadi mita moja: inabaki robo. Mita mbili: moja ya kumi na sita. Na hatua hizo hazihitaji fomu ya manunuzi.

"Mikono yangu iko kazini, nitarudije nyuma?" Sawa, ukiwa unasukuma katheta, ule mrija mwembamba, ndani ya mgonjwa, baki hapo. Lakini unapokodolea skrini tu huku unapiga soga, mguu unafanya nini kwenye pedali?

"Mimi navaa aproni." Aproni inakufunika macho? Ukomo wa mionzi kwa lenzi ya jicho la mfanyakazi ulipendekezwa kushushwa mwaka 2011, kutoka milisivati (kipimo cha dozi ya mionzi) 150 kwa mwaka hadi wastani wa 20. Na aproni zenyewe mnazikunja kama shuka, zinapasukia kwenye mikunjo!

"Dozi ni ndogo." Kwa anayepigwa picha ya kifua, kweli, haifiki milisivati 0.1, na mazingira peke yake yanatupa wastani wa 2.4 kwa mwaka. Ila yeye kapigwa mara moja na jibu lake kapata. Wewe unasimama hapo mara ngapi?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Tiba ya nyuklia basi, kwa kifupi: aliyechomwa sindano ya teknitiamu-99m, dawa inayotoa mionzi, hana kitufe cha kuzima, nguvu ya mionzi hiyo inapungua nusu kila baada ya saa 6. Ultrasaundi na MRI hazitumii mionzi ya aina hii, msiniulize. Haya, maswali.