Taa ya ABS haijasema ununue sensa

Mafundi wenzangu, na nyie wenye pikapu mliokuja kusikiliza, karibuni.

Pikapu inaingia gereji, taa inawaka ya ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasikabe (yasiache kuzunguka) unapofunga breki. Inachomekwa mashine ya kusoma hitilafu, mashine inaandika kodi (namba ya hitilafu) C0200, na kabla gari halijapanda jeki mwenyewe keshatumwa dukani kununua sensa ya mbele kulia, ile inayosoma mwendo wa gurudumu. Inafungwa, taa bado inawaka. Hapo ndipo mnaposikia "hii sensa ni feki". Huenda ni feki kweli, lakini kodi ile haikusema sensa imekufa. Imesema kompyuta ya breki haipati habari ya kueleweka kutoka gurudumu lile. Tatizo laweza kuwa ringi ya meno inayozunguka na gurudumu mbele ya sensa, beringi, plagi, waya, au sensa yenyewe.

Kwenye Toyota, kodi za sensa ni hizi: C0200 mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto. Asiye na mashine, Toyota nyingi za miaka ya 2000 zinasomeka kwa kipande cha waya. Unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi iliyo chini ya usukani, unawasha swichi, unahesabu taa inavyopepesa. Mara tatu, kituo kifupi, mara moja: hiyo ni 31, mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka waya, maana tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja.

Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, kwanza angalia mafuta ya breki na hendibreki. Kama hayo yako sawa, huenda mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma nao umezimika, na pikapu isiyo na mzigo matairi yake ya nyuma hukaba mapema. Gari hilo lisiendeshwe barabarani.

Sasa kuna ugonjwa mmoja ambao mara nyingi hauwashi taa kabisa. Dereva anasema: "Nikikaribia kusimama, kanyagio linatetemeka na gari linasogea mbele." Lami kavu, mwendo kilomita 10 kwa saa. Wengi hapo wanakimbilia diski na pedi. Sikilizeni kwa nini si diski.

Sensa ya zamani, ile ya koili, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Meno yakipita mbele yake yanazalisha umeme kidogo, na gurudumu likienda polepole umeme unazidi kupungua. Nafasi kati ya ncha ya sensa na meno ni kama milimita moja, wakati mwingine chini ya hapo. Kutu ikiota chini ya kitako cha sensa inainyanyua. Kwa mwendo mkubwa umeme bado unatosha. Kwa mwendo mdogo unakatika, kompyuta inaona gurudumu limesimama ghafla, inaachia breki. Mwaka 2005 General Motors iliita pikapu zake kurekebishwa kwa sababu hiyohiyo, katika majimbo ya Marekani yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Mombasa na Tanga chumvi inakuja na upepo. Dawa yake haina duka: toa sensa, piga msasa mahali inapokaa mpaka chuma king'ae, paka rangi nyembamba ya kuzuia kutu, rudisha.

Kupima. Zima swichi, chomoa plagi ya sensa, weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani). Sensa ya koili huonyesha kati ya 800 na 2,500 hivi; linganisha na ya upande wa pili, zisipishane sana. Kisha weka mita kwenye volti za AC (umeme geu), zungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mmoja kwa sekunde. Ukipata milivolti 100 au zaidi, koili inafanya kazi. Mita ikiwa bado imeshikwa, pinda waya taratibu na mwambie mtu azungushe usukani mwisho hadi mwisho. Shaba hukatika ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima, hasa pale penye klipu karibu na shokamzoba. Waya wa sehemu hiyo usiungwe kwa kusokota na selotepu. Utakatika tena palepale.

Pikapu mpya nyingi zina sensa ya kielektroniki. Hiyo usiipime omu. Pima umeme unaotoka kwenye kompyuta kuja kwenye plagi: mara nyingi ni kama volti 12. Ringi yake si meno, ni sumaku iliyopakwa kwenye sili ya beringi. Beringi ikipigwa nyuma mbele, sensa inatazama chuma kitupu. Fundi amebadilisha beringi Jumatatu, taa imewaka Jumanne: aanzie hapo.

Kutoa sensa iliyoganda kunataka subira. Tairi nyingine zizuiwe, gari likae juu ya stendi. Bolti ni ya spana namba 10. Mwaga mafuta ya kulegeza kutu, ngoja, kisha zungusha sensa kidogo kulia na kushoto. Ikikatika kichwa, toa diski uisukume kwa nyuma. Drili inaweza kula ringi. Safisha tundu, futa vumbi la chuma. Mpya usiigonge nyundo hata kidogo, koili ni kama uzi. Ikikataa kuingia, tundu bado chafu. Kaza bolti newtonmita 8 tu, na rudisha klipu zote.

Futa kodi. Kwenye Toyota ule waya ukiwa 4 na 13, swichi ikiwa imewashwa, kanyaga breki mara nane ndani ya sekunde tano. Halafu endesha, maana magari mengine hayazimi taa mpaka yatembee. Kama una mashine, tazama mwendo wa magurudumu yote manne kwenye barabara iliyonyooka, kisha punguza taratibu mpaka usimame: linalofika sifuri kabla ya wenzake ndilo la kurudia.