Oda Si Mahitaji

Ndugu zangu, nianze na mtoto mchanga. Anavalishwa nepi, anachafua, anabadilishwa, leo kama jana. Bidhaa yenye mwendo mtulivu kama huo ni chache. Lakini Procter & Gamble walipochunguza oda za nepi zao za Pampers walizoletewa na wasambazaji, walikuta zinapanda na kushuka ovyo, na oda zao wenyewe za malighafi zikiyumba zaidi. Mwaka 1997 Hau Lee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walilieleza jambo hilo kwa mfano wa mjeledi: mkono ukitikisika kidogo, ncha inaruka mbali.

Mwenye duka aliyezoea kuuza katoni nane akiuza kumi, ataagiza kumi na mbili asije akaishiwa. Wa jumla anaziona kumi na mbili, anaagiza ishirini. Hakuna aliyedanganya hapo, kila mmoja kajihami tu. Kiwanda nacho kinatangaza punguzo mwisho wa mwezi, stoo za watu zinafurika, mwezi unaofuata simu hazilii, na sisi tunalia kwamba soko limekufa.

Sasa tuje kwetu Pwani. Mwaka wangu wa kwanza kupanga uzalishaji wa tambi, nilichukua mauzo ya mwaka uliotangulia, tarehe kwa tarehe. Nikasahau kwamba Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kwamba tambi hununuliwa tangu Shaabani, mwezi unaoitangulia. Mzigo mkubwa ulifika madukani mfungo ukiwa kumi la pili, siku kumi za mwanzo zimekwisha. Mama wa nyumbani alikwisha kununua za mwingine. Zetu zikabaki ghalani, na vibarua wa kufungasha wakaambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe, Idd ikiwa mlangoni. Hilo bado linaniuma. Nawaomba wapangaji wenzangu mlitazame jedwali lenu mapema: mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Tangu hapo tuliweka kalenda ya Hijria, ya miezi ya Kiislamu, kando ya ile ya kawaida. Na kila Alhamisi tukawa tunapigia simu maduka kumi ya rejareja, si mawakala, tukiuliza mambo mawili: wiki hii umeuza katoni ngapi, na rafuni zimebaki ngapi?