Tani Mbili na Nusu Kwenye Mteremko wa Mai Mahiu

Mabibi na mabwana, hamjambo. Waliosimama mlangoni waingie, viti vipo huku mbele. Nimeambiwa ukumbi huu una watu wa aina tatu: mafundi wa Grogan na Industrial Area, wanafunzi wa umekanika, na wenye magari yenyewe, wale walioacha funguo kwa mlinzi pale chini. Tutaelewana sote, maana hesabu za leo hazizidi za shule ya upili.

Mada yetu ni magari makubwa ya kifahari: Range Rover, Land Cruiser 300, Lexus LX, Mercedes GLS, na Escalade kwa wachache walionayo. Mitaani tunayaita yote V8, hata yenye silinda sita. Taja mojawapo popote Nairobi na utaambiwa papo hapo lina nguvu za farasi ngapi, linafika mia kwa sekunde ngapi. Ukiuliza uzito wake, mazungumzo yanaishia hapo. Mimi naanzia hapo hapo, kwa sababu karibu kila kifaa cha ajabu ndani ya magari haya, na karibu kila kinacholeta bili kubwa, kimewekwa kwa ajili ya kupambana na uzito. Probox ni tani moja na kidogo. Haya ni tani mbili na nusu, mengine zaidi, kabla hujapakia shangazi na magunia ya viazi kutoka Kinangop.

Tuanze na injini, ingawa ndiyo sehemu inayonipa hofu ndogo kuliko zote. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 17 kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo, ile pampu inayoisukumia hewa kwa nguvu, hula hewa inayoikuta. Lexus LX 570, yenye V8 ya lita 5.7, iliuzwa Marekani ikiwa na nguvu za farasi 383. Hapa, kabla fundi yeyote hajaigusa, zimebaki kama 315. Ni kama mtu wa pwani aliyepelekwa Iten, kule milimani, kukimbia na wenyeji: miguu ni ileile, pumzi ndiyo haitoshi. Kwa hiyo mteja akija akilalamika kwamba gari lake halivuti kama alivyosoma, msikimbilie kubadilisha plagi. Kwanza mwonyesheni ramani.

Watengenezaji walipohamia turbo walikuwa wanafikiria matumizi ya mafuta na sheria za moshi za kwao. Hawakutufikiria sisi, lakini sisi wa nyanda za juu ndio tuliofaidika. Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, V8 ya dizeli ya lita 4.5 iliachwa ikaja V6 ya lita 3.3 yenye turbo mbili na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita 700. Watu walinung'unika. Wengine humu bado wananung'unika, nawaona. Lakini kwa mwinuko huu, silinda sita zinazolishwa hewa ya kutosha zinaishinda nane zenye njaa, na LX 600 yenye farasi 409 kutoka V6 ni ushahidi mwingine.

Ila turbo haifanyi kazi bure. Shinikizo la hewa Mombasa ni karibu kilopaskali 101, hapa ni karibu 82. Tuseme injini inataka 200 ndani ya manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda. Kule turbo inazidisha hewa mara mbili. Hapa inabidi izidishe karibu mara mbili na nusu. Inazunguka kwa kasi zaidi, inatoa hewa ya moto zaidi, intakula, kile kipozeo cha hewa ya turbo, inaongezewa kazi, nayo inapozwa na hewa ileile nyepesi. Radieta vilevile. Na kifuniko cha radieta kilicholegea, ambacho Mombasa kingekuvumilia wiki kadhaa, hapa hakikuvumilii, kwa sababu kwetu maji yasiyofungiwa shinikizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Na kwa joto hilo lote la turbo, oili ibadilishwe kabla ya wakati, sio baada. Faida ndogo tuliyo nayo ni kwamba kwenye Thika Road, usiku barabara ikiwa wazi, hewa hiyo nyepesi inapunguza upinzani mbele ya gari lenye uso mpana kama ukuta. Msiwaambie polisi nimesema hivyo.

Sasa twende Mai Mahiu, maana hapo ndipo gari zito linapofanyiwa mtihani.

Mnaijua ile barabara ya chini kutoka Rironi, inayoshuka Bonde la Ufa, iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kitaliano, wakaacha na kanisa dogo la mwaka 1942 kando yake. Mnajua na harufu ya breki za malori inayoingia dirishani. Chukueni kalamu. Gari la kilo 2,500 likienda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya karibu kilojuli 965. Ukisimama ghafla, nishati hiyo yote inageuka joto, na sehemu kubwa inaingia kwenye diski. Tuseme diski zote nne kwa pamoja zina kilo 40 za chuma. Kuipasha kilo moja ya chuma nyuzi moja kunataka juli 460 hivi. Gawanyeni. Diski zinapanda joto kwa nyuzi kama 52. Si kitu, unaendelea na safari.

Sasa hesabu ya mteremko. Tuseme unashuka mita 400 tu za wima, mwendo usibadilike, ukiishikilia breki njia nzima. Kilo 2,500 mara 9.81 mara 400 ni karibu kilojuli 9,800. Hiyo ni sawa na kusimama ghafla kutoka 100 mara kumi, mfululizo. Kama joto lote lingebaki kwenye diski, zingepanda nyuzi 530. Halibaki lote, upepo unachukua lake na upinzani wa hewa na tairi unachukua lake, lakini mmeona ukubwa wa jambo. Ndiyo maana diski za magari haya ni pana, nene, zenye matundu ya upepo katikati. Ndiyo maana pia rimu zake ni kubwa: pamoja na urembo, diski kubwa inahitaji nafasi ndani ya rimu. Ingawa rimu za inchi 23 zinazopatikana kwenye Range Rover ya sasa, kwa mashimo yetu, naziona ni kiburi tu.

Joto haliishii kwenye diski. Linapita kwenye pedi, linaingia kwenye pistoni za breki, linayafikia mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya lazima yavumilie angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Lakini yananyonya unyevu kutoka hewani mwaka baada ya mwaka, na yakishalowa, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayakandamiziki, mvuke unakandamizika, basi unakanyaga pedali inazama mpaka chini na gari linaendelea na safari zake. Farasi wote 409 hawana msaada wowote kwako dakika hiyo.

Dawa ni ya zamani: gia. Lakini gia boksi za siku hizi, zenye gia nane au kumi, zimepangwa kuokoa mafuta. Ukiziacha zijiamulie, huenda zikakaa kwenye gia ya juu, injini ikizunguka polepole bila kuzuia chochote. Hamisheni kwa mkono. Tatu au nne, isikieni injini ikilalamika kidogo. Huko kulalamika ndiko kufanya kazi. Na kile kitufe chenye picha ya gari linaloteremka mlima, jamani, hicho ni cha mwendo wa pole kwenye matope na mawe. Kinashika breki zilezile kwa niaba yako. Hakikuwekwa kwa ajili ya barabara ya lami.

Sespensheni, yaani springi na shoki zinazobeba gari. Hapa mafundi wasogee.

Range Rover walileta mito ya hewa mahali pa springi mwaka 1992, na leo GLS na wengine wengi wanayo. Lexus LX wao hutumia hidroliki. Land Cruiser 300 imebaki na springi za chuma. Wazo la hewa ni zuri kwelikweli. Gari zito kwenye springi laini huyumba kama dau, kwenye springi ngumu hutingisha abiria. Hewa unaipanga: ukipakia watu saba, kompresa, yaani pampu ya hewa, inaongeza shinikizo na gari linabaki usawa, ukifika njia mbovu linanyanyuka, ukiwa kasi linashuka ili lisipepesuke.

Lakini sheria yetu inaruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka minane, na wengi wetu tunayapata yakiwa na sita au saba. Mpira wa mto wa hewa hauangalii kilomita peke yake, unaangalia na kalenda. Tazameni pale chini, ambapo mpira unajikunja kila gari linaposhuka na kupanda. Ukiusafisha vumbi na kuukunjua kwa kidole utaona mistari midogo kama ya ngozi iliyokauka. Hapo ndipo hewa inapopita. Asubuhi mwenye gari anakuta kona moja imelala. Anawasha, kompresa inanguruma, kona inanyanyuka, anaenda kazini Upper Hill na kusahau.

Kompresa haijasahau. Haikutengenezwa kufanya kazi muda wote, na hapa juu, ikivuta hewa nyepesi, kila pigo lake linaleta hewa pungufu kuliko Mombasa. Inakimbia muda mrefu zaidi, inapata moto, inaungua. Mwenye gari anaambiwa kompresa imekufa, analipia nyingine, na baada ya miezi hiyo nayo imekufa, kwa sababu hakuna aliyeutazama mpira. Kipimo chake hakihitaji kompyuta: gari liwe limenyanyuka, maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, nyunyiza kwenye mkunjo wa mpira na kwenye viungo vya mabomba, subiri. Mapovu yatakuonyesha. Nimewaona vijana wenye mashine za uchunguzi za bei mbaya wakikosa kilichopatikana kwa sabuni ya kuoshea vyombo.

Wanaoiondoa mito hiyo na kuweka springi za kawaida, siwalaumu sana. Bei ni bei. Lakini wajue wamenunua gari jingine: urefu haubadiliki tena, mzigo ukizidi nyuma kunakaa, na shoki abzoba zilizobaki zilipangwa kwa kazi tofauti.

Bodi niipitie haraka. Land Cruiser imekaa juu ya chesi ya chuma. Ile mpya imepungua takriban kilo 200, na umbali kati ya ekseli umebaki milimita 2,850 uleule wa miaka mingi. Range Rover ya mwaka 2012 iliacha chuma ikachukua bodi nzima ya aluminiamu, iliyounganishwa kwa gundi na riveti. Ni uhandisi wa kupendeza, na umepunguza kilo nyingi. Ila ikigongwa sawasawa, fundi wa bodi mwenye gesi na nyundo asiiguse. Moto unaoponya chuma unaua nguvu ya ile aluminiamu. Kuhusu magurudumu ya nyuma yanayogeuka, hadi nyuzi 7.3 kwenye Range Rover ya sasa, nitasema tu kwamba ukilipeleka gari la mita tano kwenye maegesho ya Westlands utaelewa kwa nini yapo.

Maswali. Ndio, mama, huyo mwenye kitenge.

Anauliza, kwa wasiosikia: magari ya wakubwa yaliyowekewa kinga ya risasi, hesabu yangu ya Mai Mahiu inakuwaje? Asante, mama, hilo ndilo swali. Kioo kizito na vyuma vya milango vinaweza kuongeza tani nzima na zaidi. Wekeni kilo 3,500 mahali pa 2,500, mita zilezile 400, diski zilezile kilo 40. Zile nyuzi 530 zinakuwa karibu 750. Kwa hiyo warsha ya maana inayoweka kinga hubadilisha na diski, pedi, springi, shoki na tairi, na inakuandikia uzito mpya. Ukiletewa gari la namna hiyo ulikague, usianze na unene wa kioo. Vua gurudumu la mbele, pima diski, uilinganishe na ya kiwandani. Zikiwa sawa, mrudishie mwenyewe funguo na umwambie aende Naivasha kwa ndege.

Mwingine? Ndugu wa nyuma, subiri maikrofoni.