Kinyago Kinachomtisha Mchongaji

Ndugu zangu, wazee wetu wametuachia kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Jioni hii nawapeleka kisiwa cha Bali, Indonesia, ambako methali hiyo ingezua ubishi. Huko mchongaji ndiye wa kwanza kukiogopa.

Kinyago kwa lugha yao ni tapel. Kile cha ibada huchongwa kwa mti wa pule, wenye mbao nyepesi. Hutafutwa siku njema, mti hupewa sadaka na kuombwa ruhusa, ndipo kikatwe kipande, shina lenyewe liachwe liishi. Kisha rangi, tabaka juu ya tabaka. Nyeupe hutokana na mifupa iliyochomwa. Baada ya kazi yote hiyo mkononi bado una ubao tu. Uhai huingia kwa ibada iitwayo pasupati, na kuanzia hapo kinyago hukaa hekaluni, kimefunikwa kitambaa, kikiletewa sadaka. Kwa hiyo mkimkuta Barong, yule mnyama mlinzi wa watu, anauzwa dukani, msiseme Wabali wameuza miungu yao. Huenda mchongaji ni yuleyule. Cha dukani hakikufanyiwa pasupati.

Wengi huwataja Barong na adui yake Rangda, malkia wa wachawi. Mimi niacheni na Sidakarya.

Katika topeng pajegan, ngoma ya vinyago ya huko, mchezaji ni mmoja tu, anabadili vinyago: mzee, waziri, mfalme. Mfalme kafunikwa uso mzima, hasemi neno. Wanaomsemea ni watumishi, vinyago vyao vya nusu uso, midomo wazi, na utani wote ni wao. (Naona mnacheka, mna watu wenu mnaowafikiria.)

Wa mwisho kutoka ni Sidakarya, uso mweupe, macho membamba, meno nje. Wanasimulia kwamba Dalem Waturenggong, mfalme wa Gelgel, ufalme wa Bali wa zamani, katika karne ya 16, aliandaa ibada kubwa katika hekalu la Besakih. Akatokea kuhani kutoka Java, nguo zimemchakaa, akisema mfalme ni ndugu yake. Wakamfukuza. Akaapiza. Mazao yakaliwa na wadudu, maradhi yakaingia, ibada ikakwama. Mfalme akamtafuta, akamtaka radhi, mambo yakatengemaa. Sidakarya maana yake ni kazi iliyotimia, na aliyefukuzwa mlangoni ndiye leo anayesubiriwa: kinyago chake kisipocheza, ibada kubwa haijakamilika.

Mwaka 2015 UNESCO iliziingiza ngoma za Bali kwenye orodha ya urithi, na hii ya Sidakarya imo. Lakini ukitaka kuona uzito wake watazame watoto. Sidakarya anarusha mchele na sarafu za tundu, mara anamkamata mtoto mmoja kati ya watazamaji ampe zawadi. Wote hutawanyika wakipiga kelele, halafu wanarudi kuokota sarafu.

Hiki hapa mezani ni cha dukani, pasupati hakijaiona. Anayetaka kukishika aje akishike.