Tailscale inajivuta? Tuangalie inapitia wapi

Habari zenu wadau. Kusakinisha Tailscale, ile programu inayounganisha kompyuta zako zilizo mbali kama ziko mtandao mmoja, mnakujua, narukia shida yenyewe: kwa nini faili dogo kutoka kompyuta ya dukani linakuja kama konokono. Fungua terminali, andika tailscale ping, halafu jina la kompyuta ya upande wa pili.

Oneni hapo... ngoja nikuze maandishi, kamera haioni kitu. Haya. Imeandika via DERP, na kwenye mabano nai. Hiyo ni Nairobi! Kompyuta zote mbili ziko hapa Dar, ila zinasalimiana kupitia kituo cha kati cha Tailscale kilichoko Nairobi, ndiyo hiyo DERP. Data imefumbwa, hakuna wa kuisoma, lakini njia hiyo ni ya kuchangia na watu wengine. Sisi tunataka DERP itoke, ije anwani ya IP na poti (mlango wa data), yaani ziongee moja kwa moja.

Sasa andika tailscale netcheck, inapima mtandao wa hapo ulipo. Soma mistari miwili tu. UDP, aina ya usafirishaji wa data ambayo Tailscale huitumia, ikiwa false, faiawoli ya hapo ulipo inazuia. MappingVariesByDestIP ikiwa true, ruta inabadilisha poti kwa kila kompyuta inayoongea nayo. Upande mmoja ukiwa hivyo, bado kuna matumaini. Pande zote mbili? Nairobi hiyo hiyo.

Ingia kwenye ruta, soma anwani ya WAN kwanza, ile ruta iliyopewa na mtoa huduma. Ikianza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na poti utakayofungua haifiki nje. Laini nyingi za simu ziko hivyo. Mimi hapo huomba IP ya umma. Wakigoma, naangalia kama IPv6, aina mpya ya anwani za intaneti, ipo pande zote.

WAN yako ni safi? Fungua poti 41641, ndiyo ya Tailscale, kwenda kompyuta ya dukani. UDP. Menyu nyingi zinatanguliza TCP, aina nyingine ya usafirishaji, unabofya hifadhi, unashinda unajiuliza umelogwa na nani. UDP jamani! Nasogeza kamera msome wenyewe: U, D, P. Umehifadhi? Rudi uangalie tena.

Ping... DERP... DERP... hiyooo! IP imekuja, milisekunde 9.

Ruta zinazokubali kufungua poti ninazo dukani, namba iko chini ya video. Na usije ukaandika tailscale down kwenye kompyuta ya mbali uliyoingia kwa Tailscale hiyo hiyo. Utapanda daladala kwenda kuiwasha.