Baba mdogo anaitwa shushu

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu mambo vipi. Nimeombwa niongelee familia za Wachina na najua wengi mlitegemea harusi, mahari na chakula, ila mi kilichonikaa rohoni miaka niliyosoma Jinan, mkoa wa Shandong, ni majina ya ndugu, yaani nani anamwita nani nani.

Sisi hili tunalielewa haraka kuliko Waingereza, maana Kiingereza kina anko na anti, basi kimemaliza. Kichina kiko kama kwetu na kinatuzidi. Kaka mkubwa wa baba ni bobo, mdogo wake baba ni shushu, si ndo baba mkubwa na baba mdogo hao? Mjomba ni jiujiu, shangazi ni gugu, dada wa mama ni yima. Halafu pale tunapoishia sisi wao wanaendelea, mke wa baba mdogo ana jina lake kabisa, shenshen, na bibi mzaa baba ni nainai wakati bibi mzaa mama, kule kaskazini, ni laolao. Zamani majina haya hayakuwa mapambo tu, ukoo ulihesabiwa kwa baba, jina na ardhi vinafuata huko, binti akiolewa ni wa kwa mumewe. Ndo maana mpaka leo kuna desturi kwamba siku ya 2 ya mwaka mpya wa Kichina binti anarudi kwao na mume na watoto kusalimia, kwa sababu mkesha wenyewe ameupitisha ukweni.

Sasa ikaja 1980, serikali ikasema mtoto mmoja. Vijijini sehemu nyingi baadaye waliruhusiwa wa pili kama wa kwanza ni wa kike, ila mjini walibana kwelikweli, mpaka Januari 2016 ndo wote wakaruhusiwa wawili, na 2021 watatu. Watu wakiongelea sera hii wanaongelea idadi ya watu, mi naomba muiangalie kwa lugha. Mtoto wa pekee akikua akaoa mtoto wa pekee, mtoto wao hana bobo, hana shushu, hana gugu, hana jiujiu, hana yima. Maneno yapo kwenye kamusi, wa kumwita hayupo. Mi hilo linaniuma, sifichi.

Nililiona mezani. Mwenzangu mmoja wa chuo alinialika mkesha wa mwaka mpya, yeye na mkewe wote wamezaliwa peke yao, wote wa mji huohuo, kwa hiyo badala ya kugombania mkesha uwe ukweni au nyumbani wakawaleta wazee wote wanne kwenye flati yao. Mezani tuko wanane, wazee wanne, wao wawili, mtoto mmoja wa miaka 5, na mimi. Nainai na laolao wanafinya jiaozi, zile sambusa za kuchemsha, kila mmoja kwa mkunjo wake, na ndani ya moja wameficha sarafu ili atakayeing'ata apate bahati, na wote wanne wanamsukumia mtoto yuleyule sahani, mpaka akashiba akaanza kulia. Nikamwangalia baba yake, nikafikiria wale wazee wanne wakiugua, ni yeye na mkewe tu, hakuna wa kumpigia simu amwambie leo zamu yako. Tangu 2013 sheria yao inataka watoto waende kuwaona wazazi mara kwa mara, na najiuliza, watu wawili watagawanyika mara ngapi?

Kesho yake wageni wakaanza kuingia. Wachina mgeni akifika mtoto anaambiwa "jiao ren", ita watu, kama sisi tunavyosema msalimie shangazi yako. Akaingia mzee mmoja, kaka yake laolao. Mtoto akamwangalia mama yake apewe neno, mama naye akageuka pembeni akatoa simu, kuna programu ya kuhesabu undugu, unabonyeza mama, mama yake, kaka, inakupa jina. Akamnong'oneza mtoto, mtoto akaita, mzee akafurahi akatoa bahasha nyekundu ya hela.

Halafu mtoto akanigeukia mimi. Huyu naitaje? Mama hakuangalia simu safari hii, akasema "shushu". Tangu hapo mpaka naondoka ikawa shushu njoo uone, shushu nishike, flati nzima inasikia, na nainai kila akisikia anacheka huku anafuta macho.